Chuo cha kanisa kikisema sasa ni chuo kikuu, uliza cheti kinatolewa kwa jina la nani

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, huku kwetu Malindi maswali huanza, kuanzia Maweni mpaka Barani mpaka jamaa zetu wa Lamu wanaopiga simu, na mimi kwa vile nafundisha sekondari na nimepewa hio kazi ya kuwashauri vijana wa fomu foo mambo ya kozi, mengi yananifikia. Siku hizi kuna moja halikosi: kuna chuo cha Kikatoliki mahali, wanasema kiko mbioni kuwa chuo kikuu, je nimpeleke mtoto sai ama nisubiri? Wengine wanauliza kwa furaha, wengine kwa wasiwasi hasa wale ambao si Wakatoliki, na wengine washalipa ada ya semista ya kwanza ndo wanauliza, hao ndo huniumiza roho. Nimeona niandike yote mahali pamoja manake watu wanachanganya mambo ya serikali na mambo ya Roma, wanachanganya chuo kikuu na chuo kikuu kishiriki, na kuchanganya huko kunamla mtu pesa na miaka.

Tuanze na serikali kwa sababu huko ndiko kunakoamua kama cheti cha mtoto kitakubalika kazini. Kenya hii digrii hakuna mtu wa kujitangazia. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeweka kazi ya kukagua mikononi mwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, hii CUE tunayoisikia, ambayo ilirithi tume nyingine iliyokuweko tangu 1985. Chuo cha diploma kiko chini ya mamlaka tofauti kabisa, TVETA, ile ya vyuo vya ufundi. Kwa hivo chuo kinapotoka diploma kuingia digrii kinahama mkaguzi, kinahama sheria, na viwango vya walimu vinapanda, manake mwalimu wa diploma anaweza kuwa na digrii yake moja na uzoefu akafundisha vizuri tu, lakini chuo kikuu kinataka watu wa masta na PhD, kinataka utafiti, kinataka maktaba ambayo mkaguzi akiingia anaona vitabu vya kozi husika na si magazeti ya zamani. Hata mwanafunzi anabadilika: digrii ya moja kwa moja inataka C+ ya KCSE, wakati diploma aliye na C- anaingia.

Sasa njia zenyewe za kupanda ni mbili hivi. Ya kwanza, chuo kinaomba barua ya mamlaka ya muda. Hii barua ni ruhusa ya kuanza: unasajili wanafunzi, unafundisha, unajenga, unaunda baraza na seneti (kile kikao kikuu cha mambo ya masomo), huku Tume inakuja kukagua mara kwa mara, na ukizembea inaweza kufutwa. Ya pili, chuo kinakaa chini ya chuo kikuu kingine kama chuo kikuu kishiriki. Hapo mnafundisha wenyewe, mna mkuu wenu na majengo yenu, lakini digrii inatoka kwa jina la chuo mama, na chuo mama ndicho kinachobeba lawama kama masomo ni mabovu. Ni kama kibanda cha M-Pesa kilicho chini ya ejenti mkuu, kibanda ni chako na wateja wanakujua wewe, ila laini imesajiliwa kwa jina la mwingine. Njia zote mbili mwisho wake ni chata, yaani ile hati inayotolewa na Rais mwenyewe baada ya Tume kuridhika, na hapo ndo chuo kinatoa digrii kwa jina lake bila kuegemea mtu.

Mfano wa karibu tunao hapa Kilifi, ingawa huo ni wa serikali. Pwani University ilikuwa chuo cha kilimo, Kilifi Institute of Agriculture, wazee wengi wanakikumbuka. 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Kenyatta University, na Januari 2013 ikapata chata. Wale waliosoma hapo katikati vyeti vyao vina jina la Kenyatta, na hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini.

Hilo nalitilia mkazo kwa sababu kuna watu wanaona kuwa chuo kishiriki ni kama aibu, eti hakijakomaa. Mimi naona kinyume. Kwa mtoto wa mtu hicho kipindi cha kuwa chini ya mama ndicho chenye usalama zaidi, kwa vile hata chuo chenu kikiyumba, seneti ya chuo mama ipo, rekodi za mitihani ziko na cheti kitatoka. Angalia Tangaza, pale Nairobi. Kilianza 1986 kama shule ya teolojia ya mashirika ya watawa, mashirika yaliungana badala ya kila moja kujenga kwake, wakaja wakaongeza masomo mengine polepole, 1997 kikawa chuo kishiriki cha Catholic University of Eastern Africa, CUEA, ambayo ni jirani yao kabisa huko Langata. Chata yao wenyewe imekuja 2024. Hesabu mwenyewe, ni miaka 38 tangu kuanza, na karibu 27 chini ya CUEA. Hawakukaa hivo kwa kushindwa, walikuwa wanafundisha, wanatoa watu, na wale watu wanafanya kazi kila pembe ya Afrika hii.

CUEA yenyewe ilikwenda mbio zaidi, na kuna sababu. Ilianza 1984 kama taasisi ya juu ya maaskofu wa AMECEA, ule muungano wa mabaraza ya maaskofu wa nchi za huku Mashariki, Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia na wengine, na mwanzo ilikuwa inafundisha teolojia kwa watu ambao tayari washasoma. Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Nairobi akaifungua rasmi. 1989 ikapata barua ya muda, 1992 chata. Miaka minane tu. Lakini nyuma yake kulikuwa na maaskofu wa nchi kibao, si jimbo moja linalochangisha sadaka Jumapili. Strathmore nayo ilianza 1961 kama koleji, ikafanya mambo ya uhasibu miaka na miaka mpaka jina lake likajulikana kwa hilo, barua ya muda 2002, chata 2008. Na ili mtu asidhani ni mambo ya Wakatoliki peke yao, Umma University ya ndugu zetu Waislamu ilianza kama chuo cha Sharia na masomo ya Kiislamu kule Thika 1998, ikapata barua ya muda 2013, chata 2019. Ni mlolongo uleule, mkaguzi yuleyule.

Tanzania kuna sura nyingine ambayo inafaa kuijua. Nyegezi, Mwanza, kulikuwa na kituo cha mafunzo ya kijamii kilichoanzishwa na Askofu Joseph Blomjous 1960, kikafundisha mambo ya uandishi wa habari, uhasibu na kadhalika, 1998 kikawa St. Augustine University of Tanzania, SAUT, mali ya Baraza la Maaskofu. Sasa SAUT baada ya kukua ikageuka mama yenyewe, ikazaa vyuo vishiriki, cha tiba pale Bugando, cha Iringa, cha Moshi, na hivo vitatu baadaye vikasimama kama vyuo vikuu kamili vya Kikatoliki. Kwa hivo hii ngazi ya kishiriki inafanya kazi, imeshaonekana.

Sasa tuje kwa upande wa pili ambao wengi hawaujui kabisa, hata Wakatoliki wenzangu tuliolelewa parokiani. Ile ya serikali ni ruhusa moja. Kanisa nalo lina yake. Sheria za Kanisa, kanuni namba 808, inasema hakuna chuo kikuu kitakachobeba jina la Katoliki bila idhini ya mamlaka ya Kanisa, hata kama kwa vitendo ni cha Kikatoliki kweli. Halafu 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili akatoa waraka unaoitwa Ex Corde Ecclesiae ambao ndo mwongozo wa vyuo vikuu vya Kikatoliki dunia nzima: nani anaweza kuanzisha, askofu wa mahali ana nafasi gani, walimu wawe wa namna gani, mwanafunzi asiye Mkatoliki atendewe vipi. Chuo hicho kinaweza kuanzishwa na Roma yenyewe, na baraza la maaskofu, na askofu wa jimbo, au shirika la watawa kwa ridhaa ya askofu. Ndo maana utaona Strathmore, ambayo mambo yake ya kiroho yanashughulikiwa na Opus Dei, taasisi moja ya Kanisa Katoliki, haina neno Katoliki kwenye jina, wakati CUEA inalo.

Hizi ruhusa mbili hazitegemeani, na kuna visa viwili naona vinalieleza hili vizuri kuliko maelezo yangu. Cha kwanza Ireland. Maaskofu wa huko walifungua chuo kikuu cha Kikatoliki Dublin 1854, wakamleta John Henry Newman awe mkuu wake, mtu ambaye alikuja kutangazwa mtakatifu 2019, msomi wa hali ya juu. Ruhusa ya Kanisa ilikuweko. Ya serikali ya Uingereza iliyokuwa inatawala haikupatikana, kwa hivo digrii zake hazikuwa na nguvu ya kisheria, na kijana akimaliza anatoka na elimu nzuri lakini karatasi haimfungulii mlango. Kitivo cha udaktari ndicho kilichostawi, kwa sababu wanafunzi wa tiba wangeweza kupata leseni kupitia vyama vya taaluma yao bila kungoja digrii. Newman aliondoka 1858. Chuo kikahangaika, kikabadilishwa mfumo, mpaka 1908 ndo kikaingizwa kwenye chuo kikuu cha kitaifa cha Ireland, leo ni University College Dublin. Yaani nusu karne ilipita kwa kukosa ile hati moja.

Cha pili ni Peru, na huko ilikuwa kinyume. Chuo kikuu cha Kikatoliki cha Lima, kikubwa sana, kimeanzishwa 1917, kiligombana na askofu mkuu wa huko juu ya katiba ya chuo na juu ya nani ana usemi kwenye mali. Ugomvi ukapanda mpaka Vatikani, na Julai 2012 Vatikani ikakivua haki ya kujiita cha Kipapa na cha Kikatoliki. Lakini digrii? Zikaendelea kutambulika na serikali ya Peru kama kawaida, wanafunzi walikuwa darasani siku ya pili. Maelewano yalikuja kupatikana 2016, wakati wa Papa Fransisko. Kwa hivo Dublin walikuwa na Kanisa bila serikali, Lima wakabaki na serikali bila Kanisa, na kwa mzazi ukiniuliza lipi la hatari zaidi kwa kazi ya mtoto wako nitakwambia la Dublin.

Lakini usidhani basi idhini ya Kanisa ni urembo. Kwa baadhi ya watu ndo yenyewe. Kuna masomo, hasa teolojia, falsafa na sheria za Kanisa, ambayo digrii zake zinatolewa kwa mamlaka ya Roma moja kwa moja, nazo zina utaratibu wake, ulioandikwa upya na Papa Fransisko kwenye waraka uliotoka mwanzoni mwa 2018. Padri anayetaka kufundisha seminari anatakiwa awe na zile za Roma, leseni (hapa ni digrii ya ngazi kama ya masta) au udaktari, na digrii ya serikali peke yake haimtoshi. Ndo maana seminari kadhaa za Afrika Mashariki zimeungwa na chuo cha Urbaniana cha Roma, kijana anasomea hapa nyumbani cheti kinatoka huko. Kitivo cha teolojia cha CUEA nacho kina idhini hio. Kwa hivo kijana mmoja wa Malindi aliye seminari na mwenzake anayesomea biashara wanaweza kuwa kampasi moja, wanakula mesi moja, na vyeti vyao vikawa vimetoka kwa mamlaka mbili tofauti kabisa. Na yule padri akija kutaka kazi Pwani University itabidi cheti chake cha Roma kitambuliwe na CUE kwanza.

Sasa lile la wasiwasi. Mama mmoja jirani yangu, Mwislamu, aliniambia wazi: mwalimu, mimi chuo nakipenda, nidhamu yao naipenda, lakini mwanangu wa kike atalazimishwa kwenda misa? Hilo swali ni la haki kabisa na huku pwani lazima lijibiwe vizuri kwa vile sisi tunaishi pamoja, mtu hawezi kujenga chuo Malindi au Lamu akadhani atajaza darasa kwa Wakatoliki peke yao. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu hatanyimwa nafasi kwenye taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake na wala hatalazimishwa kufanya tendo lililo kinyume na dini yake. Na waraka wa Kanisa wenyewe, ule wa 1990, unasema uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe. Unasema masomo ya mafundisho ya Kikatoliki yapatikane kwa wanafunzi wote, yapatikane tu, si kulazimishwa, na kwamba kila taaluma iwe na somo la maadili yake. Kwa upande wa pili unamtaka mwanafunzi na mwalimu asiye Mkatoliki autambue na kuuheshimu ukatoliki wa chuo, na unataka walimu wasio Wakatoliki wasiwe ndo wengi.

Kwa hivo nilimwambia yule mama hivi: misa hapana, hawezi kulazimishwa, lakini somo la maadili atafanya na mtihani ataufanya, na msalaba ukutani ataukuta. Kuhusu mavazi, akaangalie kanuni za chuo kwa maandishi kabla ya kulipa. Ile kesi ya hijabu ya shule ya St. Paul's Kiwanjani kule Isiolo ilifika mpaka Mahakama ya Juu 2019 na hukumu iliyokuwa imewapa wasichana ruhusa ikawekwa kando, na ingawa ile ilikuwa sekondari na si chuo kikuu, imeonyesha kuwa mambo haya ni bora yajulikane mapema. Nami naamini kwa dhati chuo cha Kikatoliki kitakachojengwa huku kikishindwa kumfanya binti wa Kiislamu ajisikie yuko nyumbani kitakuwa kimeshindwa kazi yake, hata kiwe na chata tatu.

Na hii habari ya kwamba jimbo letu nalo liwe na chuo kikuu chake? Naisikia sana baada ya misa pale Mtakatifu Antoni. Naitamani pia, sifichi. Kijana wa Lamu sai anavuka kwa boti mpaka Mokowe, anapanda basi kupitia Witu na Garsen, anapita Malindi, ndo afike Kilifi, na hapo chuo kikuu ni kimoja, kozi anayotaka ikikosekana anaendelea Mombasa au Nairobi. Haja ipo. Lakini jimbo la Malindi limezaliwa juzi, Juni 2000, na linabeba Malindi, Tana River na Lamu, eneo kubwa mno lenye Wakatoliki wachache. Askofu Baldacchino na Askofu Barbara, wote watawa wa Kikapuchini kutoka Malta, walikuwa bado wanajenga parokia, na Askofu Lagho naye ameanza kazi 2021 tu. Hapo ukiongeza maabara, maktaba, mishahara ya watu wa PhD wanaoweza kupata kazi Nairobi kesho, unaona ni mzigo wa namna gani.

Tena hela ya serikali haiji. Tangu ule utaratibu mpya wa ufadhili wa 2023, mwanafunzi anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi skolashipu ya serikali hapati, anabakiwa na kuomba mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na chuo cha Kanisa mbele ya sheria ni cha kibinafsi. Maana yake ada ndo inaendesha kila kitu. Ndo maana mimi nikiulizwa nasema tuanze na koleji nzuri ya diploma, uuguzi, ualimu, mambo ya utalii na bahari, iwe nzuri mpaka watu wa Mombasa walete watoto huku, halafu itafute mama. Ndivo Strathmore walivyofanya na uhasibu wao.

Nimalize na lile la katikati, la mwanafunzi ambaye chuo kinapanda ngazi naye yuko mwaka wa pili. Hapa ndo vurugu nyingi hutokea. Amesajiliwa chini ya chuo mama, chata inatoka, sasa anamaliza kwa jina gani? Mara nyingi kunakuwa na mpango kwamba waliosajiliwa kabla wanamaliza chini ya mama na wapya wanaanza na jina jipya, lakini mpango huo ni makubaliano ya vyuo viwili, kila mahali unaweza kuwa tofauti, kwa hivo mzazi aende ofisi ya msajili, si kwa katibu wa parokia na si kwa yule kijana wa kugawa vipeperushi, aulize mambo matatu na ayapate kwa barua yenye mhuri: digrii itatolewa kwa jina la chuo gani, kozi yenyewe imeidhinishwa na CUE au ni chuo peke yake kilichoidhinishwa, na kama ni kozi kama uuguzi au sheria, baraza la taaluma hio limeikubali? Hilo la pili watu hulisahau kabisa, chuo kinaweza kuwa na chata safi na kozi mpya ikawa bado haijapita. Orodha ya vyuo na ya kozi iko kwenye tovuti ya Tume, haina malipo, simu yoyote yenye bando inaifungua, na asiyejua kuitafuta aje shuleni siku ya Ijumaa baada ya vipindi, tutaitafuta pamoja.